Tumbo la Mtoto na Kipimo cha Pumzi
*Kijitabu kwa familia za Goma*

Kabla ya yote

Usimpe mtoto vidonge vya farmasi kabla ya kipimo.

Tunayoyaona

Mtoto analia tumbo wiki baada ya wiki. Mama anapita farmasi ya Birere au Majengo, anauziwa amoksisilini chache, metronidazoli chache, na omeprazoli juu yake. Maumivu yanatulia, yanarudi, farmasi tena. Akifika kwa daktari, kipimo kinasema hakuna kitu, kumbe kidudu cha vidonda vya tumbo kipo, dawa imekificha. Mtoto anarudi nyumbani na ugonjwa wake. Inatuuma, maana ilitosha kungoja.

Usimpe vidonge kabla ya kipimo. Hata kimoja. Hata vilivyobaki vya kaka yake.

Kipimo chenyewe

Hakuna sindano. Mtoto anapuliza ndani ya kimfuko, anakunywa dawa iliyoyeyushwa majini, anangoja kama nusu saa, anapuliza tena. Pumzi inaonyesha kama kuna kidudu hicho. Si kila tumbo linalouma linahitaji kipimo hiki. Daktari ndiye anayeamua.

Pasipo mashine ya pumzi, kuna kipimo cha choo. Sharti la dawa, lililo hapa chini, ni lile lile. Kipimo cha damu hakitoshi kwa mtoto.

Sharti

Antibiotiki: wiki nne bila kumeza. Omeprazoli na dawa za jamii yake: wiki mbili. Asubuhi ya kipimo asile: si bugali, si chai, si maziwa ya Masisi. Kwa mtoto mchanga, uliza kwanza.

Dawa aliyoandikiwa na daktari, kama ya kifua kikuu, usiikatishe mwenyewe. Mwambie daktari.

Usingoje kipimo chochote

Akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akikonda, tumbo likiwa gumu, maumivu yakimwamsha usiku: kituo cha afya leo hii. Akihara maji maji, usihesabu wiki. Goma ilizika maelfu kwa kolera mwaka 1994, na ugonjwa huo haujatuacha. Mpe maji ya SRO (chumvi za kurudisha maji mwilini) njiani, umnyonyeshe kama bado ananyonya, umfikishe.

Ukija

Leta paketi zote za dawa alizokunywa, hata tupu. Hatutakugombeza. Na kama bado hujampa kitu, usimpe.