Paka Mzee Mwenye Uvimbe

Paka wako amefukuza panya katika mahindi na maharagwe yako miaka mingi. Sasa amezeeka. Siku moja unamshika tumboni, na mkono wako unakuta kinundu kigumu karibu na chuchu. Jirani watasema amelogwa, umtupe porini. Usifanye hivyo. Huo ni ugonjwa.

Kansa ni nini? Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana. Mara nyingine chembe zinazidi kuongezeka bila utaratibu, mpaka zinakuwa uvimbe. Kansa ya paka haiambukizi watu. Katika paka jike, vinundu vingi vya matiti ni kansa, karibu 8 au 9 katika 10. Paka mweupe naye aweza kupata kansa ya masikio au pua kwa ajili ya jua kali. Inaanza kama kidonda kisichopona.

Tufanye nini?

1. Usingoje. Kinundu kisichofika sentimetre 2 kikikatwa, paka aweza kuishi miaka tena. Kikiachwa, kansa huenea mpaka mapafuni.

2. Tafuta mganga wa mifugo. Huku Masisi ng'ombe ni wengi. Yule anayewatibu, mwulize habari za paka wako. Mbebe katika kitunga chenye kifuniko.

3. Usimpe vidonge vya watu. Parasetamoli, hata kidonge kimoja, yaweza kumwua.

4. Akikuuma, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha uje hospitali upesi, kwa ajili ya hatari ya kichaa cha mbwa.

5. Kama hawezi tena kula, naye anateseka, mganga wa mifugo aweza kumpiga sindano afe bila maumivu. Huo si ukatili. Kumwacha alie siku nyingi nyuma ya nyumba, huo ndio ukatili.

Mama, neno la mwisho ni lako. Kinundu cha paka umekiona na kukihangaikia. Je, kile cha titi lako mwenyewe, umekificha chini ya kitenge? Hata kama hakiumi, njoo hospitali kingali kidogo.

Maswali

1. Kwa nini tusingoje kinundu kikue?
2. Dawa gani ya watu yaweza kumwua paka?
3. Nani nyumbani mwako anaficha uvimbe?