Kamera ya Filamu Pana kwa Msafiri Mwenye Fedha Kidogo

Aghalabu mtu anayetaka kununua kamera ya filamu pana huanza kwa kuuliza jina la kiwanda. Yafaa ajiulize kwanza kama atakuwa radhi kuibeba kutwa nzima. Kamera iliyoachwa chumbani haipigi picha, hata lenzi yake iwe bora namna gani.

Filamu inayohusika ni ile iitwayo 120, iliyoanza kuuzwa na Kodak mwaka 1901 na ambayo ingali inatengenezwa. Faida yake ni ya hesabu nyepesi. Picha ya filamu ndogo ya kawaida ina milimita 24 kwa 36; picha ya mraba ya filamu 120 ina takriban milimita 56 kila upande, yaani eneo lake ni zaidi ya mara tatu na nusu. Ikitakiwa picha ya ukutani ambayo upande wake mfupi ni sentimita 24, ile ndogo itabidi ikuzwe mara 10, na hii pana mara 4 na kidogo tu. Chembechembe za fedha zinazoifanya picha hukuzwa kwa kiasi hicho hicho, na kasoro za lenzi pia. Ndiyo maana lenzi ya kawaida ya miaka ya 1950 huweza kutoa picha safi kuliko inavyotazamiwa.

Upande wa hasara, filamu moja hutoa picha 12 tu za mraba, na baadhi ya kamera hizi ni nzito mno. Pentax 67 pamoja na lenzi yake huzidi kilo 2.

Kwa mfuko mdogo zabaki aina mbili. Ya kwanza ni kamera ya lenzi mbili, mfano Yashica Mat-124G: lenzi ya juu ni ya kutazamia kwa msaada wa kioo, ya chini ni ya kupigia. Kioo hicho hakisogei, hivyo mtikisiko ni mdogo. Kipima mwanga chake kilitumia betri ya zebaki ambayo haiuzwi tena, lakini kamera yafanya kazi bila betri. Uzito wake ni kilo 1 na zaidi kidogo.

Aina ya pili ni kamera ya kukunja, kama Nettar ya Zeiss Ikon, yenye mvukuto mithili ya ule wa mhunzi. Uzito wake ni karibu nusu ya Yashica hiyo, na ikikunjwa huingia katika mfuko wa koti. Nyingi hazina chombo cha kupimia umbali. Mpiga picha hukadiria kwa macho. Jambo hilo huwatisha wengi bila sababu. Lenzi ya milimita 75, tundu likiwa 11 na umbali ukiwekwa mita 10, huonyesha wazi kila kitu kuanzia karibu mita 5 hadi upeo wa macho. Anayependa mandhari na majengo achague hii; anayepiga sura za watu kwa karibu achukue ya lenzi mbili.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aingie chumba chenye giza, awashe tochi ndogo ndani ya mvukuto na kuchungulia pembe zake: kila nukta ya mwanga ni tundu litakaloharibu filamu. Kisha afyatue kwa kipimo cha sekunde 1 huku akihesabu, kwani mafuta ya zamani hugandamana na kuchelewesha mlango wa mwanga. Mwisho amulike lenzi. Nyuzi mfano wa utando wa buibui ni kuvu, adui mkubwa wa lenzi katika miji ya pwani yenye unyevu. Kamera ya namna hiyo airudishe kwa mwenyewe.

Safarini, filamu isiachwe ndani ya gari lililoanikwa juani. Katika viwanja vya ndege aombe ikaguliwe kwa mkono, kwa sababu mashine mpya za eksirei, zinazofanana na zile za hospitali zinazopiga mwili kutoka pande zote, huweza kuiharibu kwa kupita mara moja tu.