Kofia ya Felti na Mvuke wa Zebaki

Mwanafunzi mmoja wa sekondari mjini Tabora aliwahi kunionyesha kofia ya marehemu babu yake. Ilikuwa pama ya rangi ya kahawia, ya felti nzito, iliyotengenezwa Ulaya kabla ya Vita Kuu ya Pili. Ilikuwa imekaa sandukuni miaka mingi. Ukingo wake ulikuwa umepinda, kichwa kimebonyea, na nondo wameila hapa na pale. Kijana huyo alikusudia kuirudishia umbo lake kwa mvuke wa birika chumbani mwake, kisha kuisugua kwa msasa na kuivaa siku ya mahafali. Aliniuliza jambo moja tu: maji yachemke kwa muda gani? Nami nilimjibu kwa swali: je, wajua kofia hii ilitengenezwa kwa vitu gani?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo. Msomaji ataona kwamba kofia kuukuu ni somo zima la kemia, na kwamba somo hilo halikuishia katika viwanda vya Ulaya, bali linatuhusu sana sisi wa magharibi ya Tanzania hata leo.

Kofia katika njia ya misafara

Tabora, ambayo Burton na Speke waliifikia mwaka 1857 na kuiita Kazeh, ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo za merikani, shanga, nyaya za shaba na bunduki zilipanda bara. Pamoja na bidhaa hizo zikaja kofia za kila namna. Stanley alipomkuta Livingstone huko Ujiji mwaka 1871, yeye mwenyewe ameandika kwamba alivua kofia kumwamkia, na kwamba mzee huyo alivaa kofia ya rangi ya buluu yenye utepe wa dhahabu uliochujuka. Wawili hao walifika Kwihara, karibu na Tabora, mwanzoni mwa mwaka 1872, na tembe walimokaa sasa ni nyumba ya makumbusho.

Baadaye zikaja tarbushi za askari wa Wajerumani na wa Waingereza, na baada ya reli ya kati kufika Tabora mwaka 1912, pama za felti za maofisa, wafanyabiashara na makarani. Tarbushi na pama zote ni felti, lakini kwa mwanakemia hazilingani, kama tutakavyoona.

Felti ni nini?

Kitambaa cha kawaida hufumwa: nyuzi hupita juu na chini ya nyuzi nyingine. Felti haifumwi wala haishonwi. Ni nywele za wanyama zilizolowanishwa, zikapashwa moto na kukandamizwa hata zikashikana na kuwa kitu kimoja.

Siri yake imo katika umbo la unywele. Ukiutazama unyoya wa kondoo kwa hadubini, utaona magamba madogo yaliyopangwa kama vigae vya paa, yote yakielekea nchani. Nyuzi zikisuguliwa pamoja katika maji ya moto, kila mmoja huweza kusogea upande mmoja tu, kwa kuwa magamba huuzuia kurudi nyuma. Hivyo husokotana zaidi na zaidi wala haziachani. Ndiyo sababu sweta ya sufu ikifuliwa kwa maji ya moto hurudi na kuwa ndogo.

Sufu ya kondoo basi hushikana yenyewe, na tarbushi kwa kawaida hutengenezwa kwa sufu. Lakini pama bora zilitengenezwa kwa manyoya laini ya sungura au ya biva, mnyama wa majini wa nchi za baridi. Manyoya ya sungura ni mororo mno, nayo hayashikani vema bila kusaidiwa. Msaada huo ndio ulioleta balaa.

Kazi ya zebaki

Mafundi wa Ulaya waligundua kwamba ngozi ya sungura ikipakwa nitrati ya zebaki, manyoya yake hushikana upesi na kwa nguvu. Dawa hiyo ilipatikana kwa kuyeyusha zebaki katika asidi kali ya nitriki:

Hg + 4HNO₃ → Hg(NO₃)₂ + 2NO₂ + 2H₂O

Ngozi zilipakwa kwa brashi, kisha zikakaushwa kwa moto. Ncha za manyoya ziligeuka kuwa na rangi ya machungwa, mithili ya karoti, na katika lugha za Ulaya hatua hiyo ilipata jina lake kutokana na rangi hiyo.

Kwa nini dawa hiyo ilifaa? Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini. Ugumu wa keratini unatokana na atomu za salfa zilizofungana mbili mbili, zikiunganisha mnyororo mmoja wa protini na mwingine. Asidi na zebaki huvishambulia vifungo hivyo. Unywele hulegea, hujikunja, na uso wake huwa mkwaruzo. Zebaki nayo hushikamana na salfa kwa nguvu nyingi.

Mwalimu awaombe wanafunzi walishike jambo hilo moja: zebaki hupenda salfa. Mwili wa binadamu nao umejaa protini zenye salfa, zikiwamo vimeng'enya vingi vinavyoendesha kazi za chembe hai. Sifa ile ile iliyomsaidia fundi kutengeneza kofia ndiyo iliyomdhuru fundi mwenyewe.

Madhara kwa mafundi

Manyoya yaliyopakwa dawa yalikatwa, yakapulizwa juu ya umbo la pia, kisha yakachovywa katika maji ya moto na kufukizwa tena na tena. Katika kila hatua mvuke na vumbi lenye zebaki vilijaa ndani ya karakana. Fundi alivuta hewa hiyo kutwa, mwaka baada ya mwaka.

Dalili zilianza polepole. Mikono ilitetemeka hata fundi akashindwa kuandika jina lake au kushika kikombe. Ufizi ulivimba, na meno yakalegea. Tabia nayo ilibadilika: mtu aliyekuwa mchangamfu alikuwa mwoga wa watu, mwenye hasira za ghafla na msahaulifu. Wengi walidhaniwa kuwa walevi au wenye wazimu. Katika mji wa Danbury nchini Marekani, uliosifika kwa viwanda vya kofia, mtetemeko huo ulipewa jina la mji wenyewe. Madaktari waliujua ugonjwa huu tangu karne ya 19, lakini matumizi ya zebaki katika kofia yalikomeshwa huko Marekani mwaka 1941 tu. Dawa nyingine, kama vile peroksaidi ya hidrojeni, zilikuwapo za kuchukua nafasi yake. Sharti msomaji ajiulize kwa nini maarifa yalitangulia hatua kwa miaka mingi hivyo.

Kiasi gani ni hatari?

Zebaki ni metali iliyo majimaji katika joto la kawaida. Huchemka katika nyuzi 357 za Selsiasi, lakini hutoa mvuke hata kabla ya kuchemka, kama maji yanavyokauka katika sahani. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Pua na macho havitakuonya.

Natupige hesabu. Kiwango cha hewa mahali pa kazi kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 25 za zebaki kwa kila mita ya ujazo. Chukua darasa lenye urefu wa mita 9, upana mita 7 na kimo mita 3. Ujazo wake ni mita za ujazo 189. Ili hewa yote ifikie kiwango hicho, zinatakiwa mikrogramu 25 × 189, yaani 4,725, ambazo ni kama miligramu 4.7. Kwa kuwa densiti ya zebaki ni gramu 13.6 kwa sentimita ya ujazo, kiasi hicho ni tone ambalo kipenyo chake hakifiki milimita moja. Kipimajoto kilichovunjika maabara kina zebaki nyingi kuliko hiyo mara kadhaa wa kadhaa.

Kuitunza kofia kuukuu

Sasa twaweza kumjibu mwanafunzi wetu. Uchunguzi wa mionzi ya eksirei uliofanywa katika makumbusho mbalimbali umeonyesha kwamba kofia nyingi za zamani za manyoya bado zina zebaki. Kofia ikiwa imetulia, hatari yake ni ndogo kuliko ile iliyomkabili fundi. Hatari huongezeka pale tunapoipasha moto, tunapoifukiza au tunapoikwangua. Mambo hayo matatu ndiyo hasa aliyokusudia kufanya! Kwa hiyo:

1. Kofia ya manyoya ya zamani isifukizwe, isipigwe pasi, wala isisuguliwe kwa msasa.
2. Vumbi liondolewe nje ya nyumba, kwa brashi laini na taratibu, ukiupa upepo kisogo. Vaa glavu, na unawe mikono kwa sabuni.
3. Umbo lirudishwe polepole kwa kujaza ndani karatasi safi, kofia ikiwa baridi na kavu.
4. Ihifadhiwe katika sanduku lenye kifuniko, mbali na jikoni, chumba cha kulala na watoto, wala isivaliwe.
5. Kofia iliyotoka katika makusanyo ya zamani ishikwe kwa tahadhari hata ikiwa ya sufu, maana vitu vya aina hiyo viliwahi kupakwa aseniki au DDT ili kuzuia wadudu.

Kijana alikubali. Pama ya babu sasa imo katika sanduku la kioo sebuleni kwao, ikiwa imepinda kidogo bado.

Kutoka kofia hadi mwaloni

Pengine msomaji atasema: mimi sina kofia ya sungura. Lakini zebaki haikuondoka pamoja na kofia. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani walipiga hapa Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Hadi leo dhahabu huchimbwa na wachimbaji wadogo wilayani Nzega, na kaskazini zaidi huko Kahama na Geita. Katika mialo mingi mchanga wa dhahabu huchanganywa na zebaki, kwa kuwa zebaki hushikamana na dhahabu pia. Donge linalopatikana huchomwa motoni. Zebaki huruka kuwa mvuke, na dhahabu hubaki. Mara nyingi kila gramu ya dhahabu hugharimu gramu moja ya zebaki au zaidi.

Anayechoma donge hilo juu ya jiko, ndani ya nyumba, mtoto akiwa mgongoni, anavuta mvuke ule ule uliowatetemesha mafundi wa Danbury, tena mwingi zaidi. Mvuke huo baadaye huanguka ardhini na majini, bakteria huugeuza kuwa zebaki ya methili, nao samaki huikusanya miilini mwao. Maafa ya sumu hiyo yalijulikana huko Minamata, Japani, mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wenye jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Chombo kilichofungwa kiitwacho ritoti hunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Lakini bora zaidi ni kuitenga dhahabu bila zebaki kabisa.

Baadhi ya wanafunzi wetu huenda mialoni wakati wa likizo kutafuta ada na daftari. Mwalimu asiwalaumu, bali awafundishe kuketi mbali na moto huo, upande unakotoka upepo, na kutochoma kamwe ndani ya nyumba. Mafundi wa kofia walilipa gharama ya somo hili kwa miili yao. Si lazima na sisi tulilipie mara ya pili.

Maswali

1. Eleza kwa nini tarbushi ya sufu haikuhitaji nitrati ya zebaki.
2. Pima chumba unacholala, kisha kokotoa uzito wa zebaki unaotosha kufikisha hewa yake kwenye mikrogramu 25 kwa mita ya ujazo.
3. Ritoti hutumia sifa gani za zebaki? Chora mchoro kuonyesha mahali mvuke unapopozwa.
4. Zebaki imemwagika maabara. Jadilini kwa nini haifai kuifagia kwa ufagio.