Mahali pa Sherehe ya Mtoto Mdogo: Maswali na Majibu kwa Wazazi wa Kasongo na Kabambare

Wazazi wa siku hizi katika Maniema ya kusini wameanza kuiadhimisha siku ya kuzaliwa kwa mtoto kwa mwaliko, keki na mishumaa, jambo ambalo wazee wetu hawakulijua kwa sura hiyo, ingawa wao nao walikuwa na siku zao za kumfurahia mtoto, kama vile siku ya saba kwa wenye kufanya akika, siku ya arobaini, na siku za jando. Katika maswali ninayoulizwa juu ya sherehe hizi mpya, la mahali hutangulia mengine yote, na ndilo hasa linalostahili kutangulia, kwa kuwa mahali pakikosewa hakuna chakula wala muziki utakaolitengeneza kosa hilo. Hapa nimeyakusanya yaliyoulizwa mara nyingi zaidi, nami nayajibu kwa rai yangu.

Mwalimu, mtoto wetu anatimiza miaka mitatu. Baba yake ataka tukodi ukumbi, mimi naona nyumbani panatosha. Utuamulie.

Mama, kwa umri huo nakuunga mkono wewe, wala si kwa ajili ya gharama, bali kwa ajili ya mtoto mwenyewe. Mtoto wa miaka mitatu hajui sherehe ni nini. Ajualo ni uso wa mama, sauti ya bibi, mlango wa nyumba yao, mkeka anaoulalia mchana, na wale watoto wawili watatu wa jirani ambao kila siku hugombana nao na kila siku hupatana nao. Mchukue umpeleke katika ukumbi mpana wenye mwangwi, umketishe juu ya kiti kilichopambwa kwa vitambaa, mbele ya spika iliyomzidi kimo, na watu wazima wasimame kumzunguka wakimpiga picha kwa simu: utaviona vidole vyake vikishika upindo wa kitenge chako, mdomo ukitetemeka, kisha kilio ambacho wageni watakicheka, ilhali mtoto hakukosa lolote. Nyumbani kilio hicho kina dawa, kwa maana chumba ki karibu, maji ya kunywa ni yale yale aliyoyazoea, na akishikwa na usingizi atalala pake, nanyi mtaendelea kula.

Wala asidhani baba kuwa uwanja wa nyumba ni mahali duni. Kasongo ya zamani, pale Tongoni, ilipokuwa makao ya Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, na baadaye ya mwanawe Sefu, ulikuwa mji wa bustani, hata tabibu Mwingereza Sidney Hinde, aliyefuatana na jeshi la kamanda Mbelgiji Dhanis lililouteka mji huo mwezi wa Aprili 1893, akaisifu miti yake ya matunda katika kitabu chake. Bustani zile zilistawi kwa jasho la watumwa, na hilo halifai kusahauliwa. Lakini kivuli cha mwembe leo ni cha kila mtu, na mwenye mwembe mmoja uani amekwisha kupata ukumbi ulio bora kuliko vyumba vingi vya mabati ambavyo saa nane ya mchana huwa na joto la tanuri.

Nyumba yetu ni ya kupanga na uwanja ni finyu. Twaweza kualika wangapi?

Katika vitabu vya wageni huandikwa kwamba waalikwa wawe kwa hesabu ya miaka ya mtoto, pengine na mmoja zaidi. Kanuni hiyo ina busara ndani yake, kwa kuwa mtoto mdogo hawezi kucheza na wengi, ila kwetu haitimiliki, maana ngoma ikilia uani hakuna ua utakaowazuia watoto wa mtaa, wala hakuna mzazi mwenye staha atakayemfukuza mtoto wa jirani akiwa amesimama langoni anatazama wenziwe wakila. Kwa hiyo mahali papimwe kwa watakaokuja, wala si kwa walioalikwa. Kama uwanja wenu hautoshi, nendeni kwa bibi wa mtoto au kwa mjomba mwenye nafasi, ambako mtoto amezoea kulala na kula, na mwenye nyumba yenu aambiwe mapema, kwani idhini iliyoombwa siku tatu kabla hupatikana kwa urahisi, na ile inayoombwa huku viti vikishushwa huleta kinyongo. Kuhusu chakula, pikeni sufuria ya wali iliyo kubwa kuliko hesabu yenu, na mikate midogo ya kukaanga iwe mingi. Maniema ni nchi ya mpunga, wala si vyema mtoto aondoke kwenu na njaa.

Nikague nini kabla ya kukubali mahali?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mzazi aniulize, na wachache huuliza, kwa sababu watu wazima hupakagua mahali kwa macho ya mtu aliyesimama. Nenda siku moja kabla, uchuchumae katikati ya uwanja hata macho yako yawe sawa na macho ya mtoto, kisha utazame pande zote bila haraka. Utaona mambo ambayo hukuyaona ukiwa wima: msumari uliochomoza mguuni pa benchi, chupa iliyovunjika chini ya majani, waya wa kuanikia nguo uliolegea hata kufikia shingo ya mtoto, ncha ya bati iliyokatwa pembeni mwa jiko.

Baada ya hapo tafuta maji, maana maji ndiyo adui aliyenyamaza. Kisima kisicho na mfuniko mzito ni sababu tosha ya kupakataa mahali, hata kama mwenyeji atakuapia kwamba watoto wake hawakisogelei. Watoto wake wamekizoea, wageni hawakukizoea. Beseni la kufulia na ndoo iliyojaa navyo vimwagwe, kwa sababu mtoto anayeanza kutembea aweza kufa maji katika kina kisichofika kiwiko, na hufa bila kupiga kelele. Maji ya kunywa na ya kunawa yawekwe katika bidoni zenye vifuniko, juu ya meza. Choo cha shimo ni hatari ya pili: tundu linalomfaa mtu mzima ni pana kwa mtoto wa miaka miwili, basi mlango ufungwe kwa komeo lililo juu, watoto wawekewe poo ya kujisaidia kando, na mtu mzima mmoja apewe kazi hiyo peke yake.

Mbabula ya makaa na karai la mafuta ya moto vikae upande mwingine wa nyumba, wala si pembeni tu ya mahali pa kuchezea, kwani mpira huviringika na mtoto huufuata bila kutazama mbele. Jenereta, kama lazima liwepo, likae nje na mbali na madirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu wamekufa usingizini kwa kuliwasha chumbani au barazani wakihofia mwizi. Mahali penye sauti ya jenereta na spika pamoja hapamfai mtoto mdogo hata kidogo, kwa kuwa masikio yake ni laini kuliko yetu, naye hana ruhusa ya kuondoka.

Mwisho, tazama juu na chini ya mti wa kivuli. Tawi kavu likatwe, mzinga wa nyuki uogopwe, na asubuhi ya siku ya sherehe njia za siafu zitafutwe, hasa baada ya mvua. Lango liwe moja, lenye mtu mzima anayewajua watoto kwa sura, na liwe mbali na barabara ya pikipiki.

Siku yenyewe yaangukia Novemba. Mvua je?

Kwetu mvua hunyesha tangu Septemba mpaka Mei, na kiangazi ni Juni, Julai na Agosti, basi mtoto wa Novemba hana budi kupatiwa paa. Turubai lililofungwa kwa kamba kwenye miti minne huyakinga manyunyu, lakini halishindani na dhoruba ya alasiri yenye upepo na radi. Mahali pazuri ni pale penye uwanja wa kuchezea na, hatua chache tu, baraza au chumba kinachoweza kuwapokea watoto wote kwa dakika moja. Ngurumo ya kwanza ikisikika, wote waingie ndani, wala asiachwe mtu chini ya mti, kwa kuwa mti mrefu ndio unaopigwa na radi kwanza. Na kama hamna baraza, isogezeni sherehe mbele au nyuma kwa siku kadhaa. Mtoto wa miaka minne hasomi kalenda. Siku mtakayomwambia kuwa ni yake, ndiyo yake.

Na saa?

Saa tisa ya mchana, mtoto akiisha kulala, mpaka saa kumi na moja. Jua kwetu huzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, na mbu waletao malaria huuma tangu magharibi hata alfajiri, hivyo watoto wa watu wawe wamekwisha kurudi majumbani mwao kabla ya giza. Ijumaa msiwaite watu wakati wa sala, wala Jumapili kabla ya ibada kumalizika. Na katika mwezi wa Ramadhani waacheni jirani zenu waliofunga wapumzike, mfanye baada ya Idi.

Twaweza kuwapeleka watoto kando ya Lualaba?

Hapana. Wakubwa nendeni, mpumzike na mtazame mitumbwi. Watoto wa chini ya miaka saba, tena wengi kwa pamoja, wasipelekwe kuchezea ukingo wa mto wenye mkondo wa namna hiyo na mamba ndani yake. Sijapata kusikia hoja ya kunigeuza katika hili.

Ni lini basi ukumbi au shule hufaa?

Mtoto akifika miaka sita au saba, amekwisha kuingia shule ya msingi, ana marafiki aliowachagua mwenyewe, na michezo yake yahitaji mbio. Hapo uwanja wa shule, wenye ukuta na vyoo na darasa la kukimbilia mvua, ni mahali pema sana, maadamu mkurugenzi ametoa idhini, mlinzi amejulishwa, na siku hiyo si ya masomo. Ukumbi wa parokia nao hufaa, almuradi muulize mambo haya kabla ya kulipa: nani ataufungua na saa ngapi, choo ki wapi na ufunguo wake uko kwa nani, kuna maji au tutayabeba, na nani mwingine amepangiwa siku hiyo hiyo. Malipo yaandikwe katika karatasi, hata ikiwa mwenye ukumbi ni ndugu. Nganda, yenye pombe na muziki wa watu wazima, si mahali pa mtoto hata mchana, hata ikiwa mwenye nganda atawapa bure.

Mzee wa nyumba yetu asema haya ni mambo ya Wazungu, na sisi ni Waislamu.

Mzee asibishwe mbele ya watu, na hukumu ya dini aulizwe imamu wenu, kwa kuwa wanazuoni wamehitilafiana katika jambo hili nami si mmoja wao. Ninaloweza kulisema ni kwamba kucheza ni haki ya mtoto, nayo imeandikwa katika kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao dola yetu iliuridhia mwaka 1990. Ila kifungu hicho hakikutaja keki wala mishumaa. Nimeona jamaa wakiwakusanya watoto uani, wakasomewa dua, wakala wali, wakacheza mpaka alasiri, na sadaka ikapelekwa kwa mayatima, na mzee mwenyewe akaketi barazani akawa wa mwisho kuondoka. Kwa jamaa za namna hii nyumbani ndipo mahali, tena nyumbani kwa mzee huyo huyo.

Sisi tuko Kabambare, upande wa migodi. Ushauri wako ni ule ule?

Ni ule ule, pamoja na ukali zaidi. Upande wa Salamabila na Namoya, watu wachimbapo dhahabu, ardhi ina mashimo yaliyoachwa wazi, ambayo masika huyajaza maji ya rangi ya udongo hata yakafanana na uwanja mtupu. Mahali popote palipo karibu na mashimo hayo pakataliwe, na mtu mzima atembee kwa miguu yake njia yote watakayoipita watoto. Kisha, kwa kuwa amani ya pande hizo imevurugika mara nyingi kwa sababu ya wenye silaha, msiwakusanye watoto mbali na makazi, wala msitangaze mwaliko kwa kipaza sauti. Alikeni nyumba tatu nne mnazozijua, kila mtoto aje na mtu wake na arudi na mtu wake, na habari za siku hiyo ziulizwe asubuhi kwa chifu wa mtaa. Akisema leo si siku njema, wali upikwe vivyo hivyo, kila nyumba ipelekewe sahani yake, na mtoto ale pamoja na ndugu zake ndani.