Nani Aliyeitengeneza Sauti ya Santuri?

Watu wasikiapo santuri ya bendi ya zamani, kama Kilwa Jazz iliyoongozwa na Ahmed Kipande jijini Dar es Salaam, humtaja mwimbaji, mpiga gitaa na mpiga saksafoni. Ni wachache wamtajao mtu mwingine ambaye hakuimba wala hakugusa ala yoyote, lakini bila yeye santuri ile isingesikika jinsi inavyosikika. Huyo ni mtayarishaji wa muziki.

Mtayarishaji huamua nyimbo zipi zirekodiwe, katika chumba gani, wapigaji wakae wapi, maikrofoni ziwekwe umbali gani, na ala ipi isikike mbele au nyuma. Fundi mitambo huendesha mashine. Mtayarishaji husikiliza kwa niaba ya wasikilizaji ambao hawapo. Pengine kazi hizo mbili hufanywa na mtu mmoja. Kila uamuzi wake ni wa sanaa, lakini pia hutawaliwa na kanuni za fizikia. Makala haya yanazieleza kanuni nne, kwa mifano ya pwani na ya mbali.

1. Mipaka ya chombo

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa ajili ya His Master's Voice. Santuri za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa santuri ya inchi kumi ulichukua takriban dakika tatu, yaani mizunguko kama 234. Wimbo ambao barazani ungeendelea kwa muda mrefu ulilazimika kupunguzwa beti, au kugawanywa pande mbili.

Kwa nini muda usiongezwe? Sindano hufuata mfereji mwembamba uliochongwa juu ya santuri. Sauti nzito yenye nguvu huufanya mfereji uyumbe sana kushoto na kulia, hivyo mifereji haina budi kuachana zaidi, na nafasi huisha mapema. Mtayarishaji akitaka ngoma nzito, hulipa kwa dakika. Akitaka dakika, hulipa kwa uzito wa ngoma.

2. Umbali wa maikrofoni

Mahali pa wazi, nguvu ya sauti hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hubaki robo. Ukiongezeka mara nne, hubaki sehemu moja ya kumi na sita. Chukua mpiga ngoma aliye mita 1 kutoka maikrofoni na mwimbaji aliye mita 4. Hata kama wote wawili wangetoa sauti yenye nguvu sawa, sauti ya mwimbaji ingefika ikiwa dhaifu mara kumi na sita. Sikio la mtu aliyehudhuria ngoma husaidiwa na macho na akili kumfuata mwimbaji. Maikrofoni haina akili, hupokea kinachoifikia.

Hugh Tracey, aliyezuru Tanganyika mwaka 1950 kurekodi muziki wa asili, aliijua kanuni hii. Aliishika maikrofoni mkononi na kuisogeza kutoka kwa mpigaji mmoja hadi mwingine, ili kila sehemu isikike kwa zamu. Njia hiyo iliokoa mengi, lakini yafaa kukumbuka kwamba msikilizaji wa rekodi zake anasikia pia mkono wa Tracey: alichokisogelea kimekuwa kikubwa, alichokiacha kimekuwa kidogo.

3. Chumba

Katika joto la nyuzi 30 za Selsiasi, ambalo ni la kawaida mjini Lindi au Kilwa Masoko, sauti husafiri takriban mita 350 kwa sekunde. Ikigonga ukuta mgumu hurudi. Ukuta ukiwa umbali wa mita 17.5, sauti huenda na kurudi mita 35 na kutumia sehemu moja ya kumi ya sekunde; sikio huweza kuutambua mwangwi huo peke yake. Ukuta ukiwa karibu zaidi, mwangwi hujichanganya na sauti ya kwanza na kuirefusha.

Magofu ya Kilwa Kisiwani yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ndani ya kuta ngumu na chini ya kuba, sauti hudumu baada ya kinywa kufumbwa. Nyumba ya makuti ni kinyume chake: majani yaliyolegea yana matundu mengi madogo ambamo nishati ya sauti hupotea. Msomaji wa kaswida na mpiga marimba wakibadilishana majengo hayo, kila mmoja atatoa rekodi nyingine kabisa.

Huko Marekani, katika miaka ya 1960, Phil Spector alijaza wapigaji wengi katika studio ya Gold Star, Los Angeles, kisha akaipitisha sauti yao katika chumba maalumu cha mwangwi. Ala zikayeyukiana zikawa kama ukuta mmoja wa sauti. Kwa nyimbo zake jambo hilo lilikuwa uzuri. Kwa ngoma zinazojibizana haraka lingekuwa uharibifu, kwa kuwa pigo moja lingefunikwa na mkia wa pigo lililotangulia.

4. Kurekodi kwa pamoja na kurekodi kwa tabaka

Kwa miaka mingi bendi za Tanzania zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Mara nyingi bendi nzima ilipiga kwa pamoja. Mmoja akikosea, wote walirudia. Uwiano wa ala ulipaswa kukamilishwa kabla ya wimbo kuanza, kwa kuwasogeza watu na maikrofoni. Santuri zenyewe zilichapwa Nairobi.

Ng'ambo, mashine za njia kadhaa zilimpa mtayarishaji uwezo mwingine. Mwaka 1967 George Martin na kundi la The Beatles walikamilisha Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band kwa mashine za njia nne. Njia zilipojaa, zilinakiliwa pamoja katika mashine ya pili ili kupata nafasi mpya. Lakini kila nakala iliongeza mvumo wa utepe.

Kompyuta imeondoa kikomo hicho. P-Funk wa Bongo Records alipoitayarisha albamu ya Professor Jay, Machozi, Jasho na Damu, mwaka 2001, mtayarishaji alikuwa tayari mtunzi: yeye ndiye aliyejenga mdundo ambao msanii aliufuata.

Kwa nini mambo haya ni muhimu kusini?

Wapiga ngoma wa pwani huijua fizikia yao. Hewa yenye unyevu wa bahari huilegeza ngozi. Kabla ya mchezo ngoma huoteshwa moto, ngozi ikakaza, na idadi ya mitetemo kwa sekunde ikaongezeka. Anayerekodi ngoma iliyolegea ameirekodi ngoma nyingine, si ile iliyokusudiwa na mpigaji.

Siku hizi karibu kila ngoma hurekodiwa kwa simu. Simu nyingi hurekebisha kiwango cha sauti zenyewe: pigo kubwa linapoingia huteremsha kila kitu, pamoja na sauti ya mwimbaji. Spika yake ndogo nayo haiwezi kutoa vizuri mitetemo 70 kwa sekunde, ambayo wimbi lake lina urefu wa mita 5. Mzee akifariki, maneno ya wimbo wake yakiwa yamezama chini ya ngoma, hakuna mashine itakayoyarudisha kikamilifu. Hata rekodi nzuri haiko salama daima: gundi inayoshika unga wa sumaku katika kanda za zamani huweza kunyonya unyevu na kuharibika, hivyo kanda hunakiliwa kwa mfumo wa dijiti kabla hazijachelewa.

Kwa hiyo kijana anayenyanyua simu mbele ya ngoma amekwisha kuwa mtayarishaji, apende asipende. Ni heri aombe ridhaa ya wapigaji, awaulize wao ngoma yao isikikeje, ndipo achague pa kusimama.

Majaribio

1. Pigeni makofi mbele ya ukuta mkubwa kwa umbali wa mita 5, 10, 20 na 30. Andikeni mwangwi unaanza kutambulika umbali gani.
2. Rekodini mwimbaji na ngoma, maikrofoni ikiwa nusu mita, mita 1, 2 na 4 kutoka kwa mwimbaji. Kwanza darasani, kisha chini ya mwembe. Linganisheni.
3. Rekodini ngoma moja kabla na baada ya kuoteshwa moto.

Maswali

1. Urefu wa wimbi la mitetemo 7,000 kwa sekunde ni sentimita ngapi, sauti ikisafiri mita 350 kwa sekunde?
2. Kwa nini nyumba ya makuti hufaa zaidi kwa ngoma za haraka?
3. Mtayarishaji akiibadili sauti ili ipendeze mjini, je, amehifadhi muziki au ametunga mwingine? Toeni hoja za pande zote mbili.