Asirudi Nyumbani Peke Yake

Somo la wiki kwa ushirika wa nyumbani
Soma: Filemoni 1:1-25, Wakolosai 4:7-9, Matendo 9:26-28



Jumapili iliyopita niliuliza swali na kanisa likanyamaza. Niliuliza ni nyumba ngapi kati yetu zina mtu aliye jela, ama aliyewahi kuwa huko. Sikuambia mtu ainue mkono. Lakini baada ya ibada akina mama watatu walinifuata kando, mmoja mmoja, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.

Mmoja wao kijana wake anatoka mwezi ujao. Amenikubalia niandike haya bila kumtaja jina. Aliniuliza, "Pasta, nimlete kanisani, ama nimpeleke kwa mjomba wake mbali watu wasahau kwanza?" Nilitaka kumjibu haraka, "Mlete, mama, hapa ni nyumbani kwa Bwana." Kisha nikakumbuka ndugu mmoja aliyekuja kwetu miaka iliyopita. Aliketi kiti cha nyuma. Dada mmoja akavuta mkoba wake karibu, mzee mmoja akaanza kumfuata kwa macho hadi chooni. Mimi mwenyewe nilimsalimia mlangoni kwa mkono mmoja huku nikiongea na mtu mwingine. Alikuja Jumapili tatu, hakurudi tena. Hakuna aliyemfukuza. Hatukumpokea tu.

Kwa hiyo hebu tufungue barua kwa Filemoni, tuone Paulo alifanyaje.

BARUA ILISOMWA NA KANISA ZIMA

Katika barua hii mfungwa ni Paulo mwenyewe. Onesimo alikuwa mtumwa wa Filemoni, akaachana na bwana wake, na inaonekana aliondoka na deni ama hasara. Alipokutana na Paulo kifungoni, akaokoka. Sasa anatakiwa kurudi kule kule alikoharibu, kwa mtu yule yule aliyemkosea. Na kwa sheria za Warumi, bwana aliweza kumwadhibu vikali sana mtumwa kama huyo.

Angalia mstari wa 2. Barua haikuandikiwa Filemoni peke yake. Imeandikiwa pia Afia, na Arkipo, na kanisa lililokuwa likikutana katika nyumba ya Filemoni. Paulo hakutaka jambo hili limalizwe kwa kunong'ona jikoni. Alitaka kanisa lote lisikie, ili Onesimo akiingia mlangoni kusiwe na mtu wa kuuliza, "Na huyu anataka nini hapa?"

Wapendwa, mtu akitoka jela habari zake hufika kabla yake. Zinapita sokoni, kwa boda boda, kwa chama cha akina mama. Kama kanisa halisemi kitu, mtaa utasema. Chukua mfano huu. Kwa sheria za magereza hapa Kenya, wafungwa wengi wenye tabia nzuri hupunguziwa theluthi moja ya kifungo. Aliyehukumiwa miaka 9 anaweza kutoka baada ya 6. Lakini majirani wakihesabu na kuona hesabu haijafika, wanasema ametoroka ama amehonga. Mtu ametii miaka sita, halafu utii wake unageuzwa kuwa kosa jipya. Kanisa lijue ukweli na liuseme.

PAULO HAKUMTUMA PEKE YAKE

Watu wengi husoma Filemoni wakasahau Wakolosai 4. Hapo tunaona Onesimo alisafiri na Tikiko, mtumishi aliyeaminiwa. Na Paulo anawaambia Wakolosai kwamba Onesimo ni mtu wa kwao. Yule waliyemjua kama hasara, sasa anaitwa ndugu mpendwa mbele ya wote.

Ndivyo Barnaba naye alivyofanya katika Matendo 9. Sauli alipofika Yerusalemu waumini walimwogopa, na walikuwa na sababu, maana aliwahi kuwatia gerezani. Barnaba hakuwakemea kwa kuogopa. Alimchukua Sauli, akamleta kwa mitume, akawaeleza yaliyompata. Alisimama katikati.

Kila anayetoka jela anahitaji Tikiko wake. Fikiria siku yake ya kwanza. Anatoka langoni na nguo zilizomkaa vibaya. Laini yake ya simu ilikufa kitambo, kwa hivyo hata nauli haiwezi kutumwa kwake. Kitambulisho kimepotea. Chumba alichokodi kina mtu mwingine. Mtoto aliyemwacha akitambaa sasa anajificha nyuma ya nyanya yake. Na marafiki wa zamani, wale waliompeleka pabaya, ndio wa kwanza kumtafuta. Wana chakula, wana malazi, na hawamwulizi maswali. Kama sisi tunamngoja Jumapili, wao wamemfikia Jumatatu.

Kwa hiyo kumngoja langoni ni huduma. Kwenda naye kwa chifu kujitambulisha ni huduma. Kumsindikiza kushughulikia kitambulisho, kumsajilia laini kwa jina lake mwenyewe, yote ni huduma sawa na kuhubiri.

PAULO HAKUFICHA DENI

Hapa nataka tuwe makini, maana kuna huruma nyingine ni ya uongo. Paulo hakumwambia Filemoni, "Sahau, yaliyopita si ndwele." Katika mstari wa 18 na 19 anasema kama kuna hasara ama deni, liandikwe kwake, na anaahidi kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa.

Katika kanisa hili aliyekosa na aliyekosewa wanaweza kuketi viti viwili mbali. Ndugu uliyevunjiwa duka, dada uliyeumizwa, neno hili si la kukufunga mdomo. Msamaha wako ni kati yako na Mungu, na hatutakulazimisha kumkumbatia mtu mbele ya kamera. Kama hutaki kukutana naye bado, sema, tutapanga. Kama anataka kulipa kidogo kidogo, wazee watasimama kati. Zakayo alipookoka alitaja hesabu: kurudisha mara nne. Toba ya kweli haikimbii hesabu.

Na hekima ibaki. Aliyewahi kudhuru watoto hatapewa darasa la Sunday School, hata akiwa ameokoka kweli kweli. Hilo ni kumlinda mtoto, na pia ni kumlinda yeye. Aliyefungwa kwa pesa haanzi kwa kuhesabu sadaka. Lakini tusichanganye mambo. Kumnyima kazi fulani kwa sababu nzuri ni tofauti na kumnyima kiti, salamu na chai.

PAULO ALIMPA KAZI NA JINA

Jina Onesimo maana yake ni mtu wa kufaa. Katika mstari wa 11 Paulo analichezea jina hilo: zamani hakufaa, sasa anawafaa wote wawili.

Tuseme ukweli kuhusu kazi. Waajiri wengi hapa nchini huomba cheti cha tabia njema kutoka kwa DCI, na kwa aliyehukumiwa rekodi hutokea pale. Mlango unafungwa kabla hajafungua mdomo. Na bado wengi wametoka na ufundi mikononi. Katika magereza yetu watu hufundishwa useremala, ushonaji, uashi, kuchomelea vyuma, kuoka mikate, kulima, na wengine hufanya mtihani wa ufundi wa serikali wakiwa ndani. Ana ujuzi, amekosa mtu wa kusema, "Nitengenezee mlango huu, nitakulipa." Katika kanisa hili tuna wenye karakana, wenye maduka, wenye mashamba. Sisemi umpe funguo za duka. Mpe kazi ya siku moja, umlipe siku hiyo hiyo, kesho umwite tena. Imani hujengwa hivyo.

Tena tusiwe kanisa la kumtumia. Pale kwetu mtu akitoka jela, Jumapili ya kwanza anapewa kipaza sauti atoe ushuhuda wa alivyokuwa mwizi. Watu wanapiga makofi, kisha wanaenda nyumbani wakikumbuka neno moja tu: mwizi. Ushuhuda ungoje. Kwanza ale, alale, aombewe, akae. Siku akitaka kusema mwenyewe, atasema.

TUTAFANYA NINI

Wazee wamekubaliana mambo manne kwa mwezi ujao. Kwanza, ndugu wawili watamtembelea kijana huyu kabla hajatoka, na watakuwa langoni siku hiyo pamoja na mama yake. Pili, mzee mmoja ataongea na afisa wa probesheni na chifu, ili wajue kuna watu wanaosimama naye. Tatu, akina baba wenye kazi za mikono wakutane nami baada ya ibada. Nne, mzee mmoja atamtembelea mwenye duka lililoibiwa. Atamsikiliza kwanza, bila kubeba ombi lolote.

Kwa yule mama, jibu langu ni hili: mlete. Lakini nimelijibu baada ya kuwauliza wazee kama tuko tayari, maana mara ya kwanza hatukuwa tayari, na tulimpoteza ndugu.

Na wewe unayesoma haya ukiwa umetoka huko, na hujawahi kumwambia mtu hapa: sitakutafuta kwa jina. Mlango wa ofisi uko wazi Jumatano jioni, na hakuna atakayekuuliza ulifanya nini.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Kwa nini Paulo aliiandikia barua hii kanisa lote, si Filemoni pekee?
2. Ni nani alikuwa Barnaba wako ulipookoka? Alikugharamia nini?
3. Kama aliyekukosea angeingia ibadani Jumapili hii, ungehitaji kanisa likufanyie nini?
4. Taja kitu kimoja ambacho ushirika huu unaweza kufanya katika siku saba za kwanza za mtu kutoka jela. Andikeni jina la atakayekifanya.

SALA

Bwana Yesu, nawe ulifungwa na kuhesabiwa pamoja na wahalifu. Tusamehe kwa yule tuliyemwacha aende. Linda moyo wa kila aliyeumizwa, na umponye kwa wakati wako. Wanaorudi mwezi huu, wakute watu langoni. Amina.