Tubadilishe Oili ya Gari la Kikundi kwa Mikono Yetu



Katika somo hili tutajifunza namna ya kubadilisha oili ya injini. Huenda mwingine akauliza, "Hiyo si kazi ya makanika?" Hata sisi tulisema hivyo, mpaka siku tulipolipia ujinga wetu.

Kikundi chetu kilinunua Toyota Probox iliyotumika, kwa michango ya pesa za majani chai na maziwa. Asubuhi ilipeleka maziwa, mchana ikabeba mboga mpaka soko la Litein, na usiku mtu akizidiwa ilimfikisha hospitali ya Kapkatet au Tenwek. Mweka hazina alitoa pesa za oili kila zilipohitajika, na risiti zikarudi. Siku moja gari likazimika katikati ya mlima. Injini ilipofunguliwa, lo! Ndani mlikuwa na uchafu mweusi, mzito kama ugali wa wimbi. Oili ilikuwa ikiongezwa tu, haikuwa ikimwagwa.

Injini nyingine ilimaliza akiba yetu. Lakini yaliyotuuma zaidi ni maneno. Wengine walimshuku dereva, wengine mweka hazina, na mikutano ikawa ya kutazamana tu. Mama mmoja mzee ndiye aliyetuamsha. Alisema, "Wanangu, nani kati yetu amewahi kufungua boneti?" Tukanyamaza wote.

Oili inafanya kazi gani?

Ndani ya injini vyuma husuguana maelfu ya mara kwa dakika. Oili huvitelezesha, hupunguza joto, hubeba uchafu na huzuia kutu. Pole pole oili yenyewe huchafuka kwa masizi, petroli na maji ya mvuke. Huku kwetu asubuhi ni baridi, na safari nyingi ni fupi, kutoka kituo hadi kituo. Injini haipati moto wa kutosha kukausha maji hayo. Halafu kuna milima na mizigo. Hivyo basi, sisi hubadilisha kila kilomita 5,000, na filta pamoja nayo. Kitabu cha gari lenu kikisema mapema zaidi, kifuateni.

Oili gani?

Tazameni kitabu, si bei. Kwenye mkebe mtaona maandishi kama 5W-30. Namba ya kwanza huonyesha oili inavyotiririka wakati wa baridi. Ikiwa ndogo, hutiririka kwa urahisi zaidi. Ya pili huonyesha uzito wake injini ikiwa moto. Nunueni mkebe ambao kizibo chake hakijafunguliwa na wenye alama ya KEBS, kwa maana oili bandia ipo.

Vitu vya kutayarisha

Oili mpya, filta mpya, washa mpya ya nati ya sampu, spana (kwa Probox yetu ni namba 14), jeki, stendi mbili za chuma, karai, faneli, glovu na matambara.

Hatua kwa hatua

1. Washeni injini dakika chache ili oili ipate uvuguvugu, kisha zimeni. Ikiwa moto sana itawachoma.

2. Wekeni gari mahali tambarare. Vuteni hendibreki na mtie mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Inueni mbele kwa jeki, kisha liketi juu ya stendi. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki huteleza, na maisha hayana spea.

3. Fungueni kifuniko cha oili juu ya injini. Wekeni karai chini ya sampu, mfungue nati kinyume cha saa. Acheni oili imwagike mpaka ibaki matone.

4. Itazameni. Oili nyeusi si ajabu, hata iliyokaa muda mfupi huwa nyeusi. Lakini ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa na vipande vinavyong'aa, chuma kinalika. Hapo mwiteni fundi mnayemwamini kabla ya kuwasha tena.

5. Fungueni filta ya zamani. Hakikisheni mpira wake haukubaki kwenye injini. Pakeni oili mpya kwenye mpira wa filta mpya, kazeni kwa mkono tu.

6. Rudisheni nati na washa mpya. Kazeni vizuri, bila kutumia nguvu za kupasua kuni. Ukiharibu nyuzi za sampu, hasara ni kubwa.

7. Shusheni gari. Mimineni lita 3 kwanza, mpime kwa kijiti, kisha muongeze kidogo kidogo. Probox ya sisi 1500 huchukua karibu lita 3.7 pamoja na filta. Msipitishe alama ya juu.

8. Washeni dakika moja, mchungulie kama panavuja. Zimeni, ngojeni kidogo, pimeni tena.

Oili chafu iende wapi?

Isimwagwe shambani, chooni wala mtaroni. Nyangores inayopita Bomet huenda kuwa Mto Mara. Kipsonoi na Itare huishia Ziwa Victoria kupitia Sondu. Tunachomwaga sisi, mwingine atakichota. Wengine huwapaka ng'ombe kuua kupe, au hupaka vidonda. Acheni, oili hiyo ina sumu. Itieni kwenye mtungi wenye alama, muipeleke kituo cha petroli kinachopokea, au kwa mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA. Nawa mikono kwa sabuni.

Kitabu cha gari

Tusidanganyane, pesa tunazookoa za ufundi si nyingi. Faida kubwa ni kwamba tumeona kwa macho yetu. Kila mara tunaandika tarehe, kilomita, aina ya oili, lita, na majina ya wanachama wawili walioshuhudia. Dereva hupima oili kila Jumatatu, na mwanachama mmoja huangalia. Siku hizi dereva wetu na mweka hazina wanalala usingizi. Hakuna wa kuwanyooshea kidole, kwa kuwa kitabu kinasema.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni nani katika kikundi chetu anayejua kupima oili? Ni nani atafundishwa mwezi huu?

2. Kama hatuna gari, je, kuna pikipiki au injini ya posho mill? Oili yake ilibadilishwa lini, na nani aliona?

3. Oili chafu ya kijiji chetu huenda wapi?

Kikundi kikikutana tena, leteni kijiti mezani pamoja na vitabu vya hesabu.